Wenyeviti wawili, muhuri mmoja: namna ya kushughulikia mgogoro wa uongozi katika jumuiya ya vijana ya chama

Mwongozo huu ni kwa ajili ya katibu, mwenyekiti au mjumbe wa kawaida wa chombo cha vijana cha chama cha siasa, iwe Umoja wa Vijana wa CCM, Baraza la Vijana wa CHADEMA, Ngome ya Vijana ya ACT-Wazalendo au kingine cha namna hiyo, ambaye amekuta kata au wilaya yake ina wenyeviti wawili na kila mmoja anasaini barua. Kwa wepesi wa kusoma, vyombo hivyo vyote vitaitwa hapa jumuiya. Mazingira yanayozingatiwa ni ya Dar es Salaam, ambako wilaya za Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zimebanana kiasi kwamba ugomvi ulioanza Manzese asubuhi huwa umefika Mbagala kabla ya adhuhuri, na ambako ofisi kubwa za vyama, mahakama na vyumba vya habari viko umbali wa nauli ya daladala. Ukaribu huo ndio unaowashawishi vijana wengi kuruka ngazi na kwenda moja kwa moja kwa mwandishi wa habari au kwa wakili, kabla hata ya kuandika barua ya malalamiko kwa katibu wao.

Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, migogoro ya uongozi iliyovitikisa vyama vyetu imeishia mara nyingi kwenye maswali ya karatasi: nani aliitisha kikao, nani alikuwa na haki ya kuingia ukumbini, waliohudhuria walikuwa wangapi, na nani aliketi kusikiliza rufaa. Kelele za wapambe nje ya geti hazijibu hata swali moja kati ya hayo. Anayetaka kuutatua mgogoro, au kuushinda kwa haki, aanze kukusanya majibu yake siku ya kwanza.

Jueni kwanza mnachogombania

Wanaogombana mara nyingi hawagombanii kitu kimoja. Kundi moja linasema uchaguzi uliharibika, jingine linasema mwenyekiti alisimamishwa kihalali, na la tatu linasema nafasi iko wazi kwa kuwa aliyekuwa nayo alijiuzulu au amehamia mkoa mwingine. Kila hoja ina njia yake katika kanuni, ina muda wake wa kulalamika na ina kikao chake chenye mamlaka, kwa hiyo kuzichanganya katika barua moja ndefu yenye hasira ni kumpa mpinzani wako nafasi ya kujibu ile iliyo dhaifu na kuziacha zile zenye nguvu.

Kujiuzulu kunastahili uangalifu wa pekee. Chama cha Wananchi CUF kiligawanyika kwa sababu ya barua: Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti Agosti 2015, kisha mwaka uliofuata akaandika kutengua uamuzi wake, na ubishi ukawa iwapo kujiuzulu kule kulikuwa kumekamilika kabla ya mkutano mkuu kuridhia. Msajili wa Vyama vya Siasa alimtambua Septemba 2016, na Mahakama Kuu ikatoa hukumu iliyombakiza katika uenyekiti Machi 2019, ndipo Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa katibu mkuu wa chama hicho, na wafuasi wake wakahamia ACT-Wazalendo. Katika ngazi ya kata mambo hayawi makubwa kiasi hicho, lakini kosa ni lile lile. Mwenyekiti hukasirika kikaoni, hutamka mbele ya watu kwamba ameacha, huondoka, na baada ya wiki mbili hurudi akiwa ametulia. Hapo fungueni kanuni mwone kama zinataka barua, iandikwe kwa nani, na inaanza kufanya kazi lini. Neno lililotamkwa kwa hasira lisiingizwe kwenye muhtasari kuwa ni kujiuzulu, ila kama kanuni zenyewe zinaruhusu hivyo.

Jumuiya za vijana zina pia mgogoro mmoja ambao vyama vyenyewe havina, nao ni umri. Mwaka 2010 mwenyekiti wa taifa wa UVCCM aliachia ngazi baada ya umri wake kuhojiwa, na hadi leo hakuna uchaguzi wa vijana unaopita bila mgombea mmoja au wawili kunong'onwa kwamba wamevuka. Dawa yake ni kuweka pingamizi wakati wa kurudisha fomu, kwa kudai cheti cha kuzaliwa kinachoweza kuhakikiwa RITA pamoja na kitambulisho cha NIDA, badala ya kusubiri mtu ashinde ndipo mtafute daftari la shule yake ya msingi. Someni vilevile kama kanuni zenu zinapima umri siku ya kugombea tu au katika muda wote wa uongozi, maana mgombea aliyebakiza miezi michache kufikia ukomo anaweza kuwa halali leo na kuwa tatizo mwakani.

Nyaraka, muhuri na kundi la WhatsApp

Tafuteni katiba ya chama, kanuni za jumuiya na mwongozo wa uchaguzi uliotumika katika uchaguzi unaolalamikiwa, na mzitafute ofisini. Nakala zinazozunguka kwenye simu mara nyingi ni za matoleo ya zamani, na si ajabu kukuta pande mbili zinanukuu ibara mbili tofauti kwa namba moja kwa sababu katiba ilifanyiwa marekebisho katikati. Kanuni za jumuiya zikigongana na katiba ya chama, katiba ya chama ndiyo inayotawala, kwa kuwa jumuiya haina usajili wake kwa Msajili na inaishi ndani ya chama. Juu ya hayo yote iko Sheria ya Vyama vya Siasa, Sura ya 258, ambayo ilitungwa mwaka 1992 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2009 na 2019. Marekebisho ya 2019 yanavitaka vyama kuwa na rejesta za viongozi na wanachama zilizo hai. Katibu wa kata asiyejua ana wanachama wangapi waliolipia kadi hawezi kujua akidi yake, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali, ni watu wangapi, na hapo ndipo mgogoro wake unapoanzia hata kama hajagundua.

Vitu vya ofisi vina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Mara tu inapojulikana kuna pande mbili, anayeshika muhuri anaanza kuandika barua za kuteua makaimu, anayeshika funguo anabadilisha kufuli, na mwenye namba ya simu inayopokea michango anaacha kupokea simu. Njia ya busara, ambayo haimpi mtu ushindi wala kumnyima, ni katibu wa chama wa ngazi husika kuupokea muhuri, daftari la wanachama na vitabu vya risiti kwa maandishi yenye sahihi za mashahidi wa pande zote, na kuvihifadhi hadi uamuzi utoke. Upande unaokataa jambo hilo utakuwa umejieleza wenyewe.

Kuhusu WhatsApp, sina ushauri mrefu. Admini asiwaondoe wapinzani kwenye kundi, kwa sababu picha ya simu inayoonyesha ameondoa wajumbe itatumika kama ushahidi kwamba hawakupewa taarifa ya kikao. Sauti zilizorekodiwa kwa siri na madai yasiyothibitishwa kwamba fulani amekula hela zisisambazwe, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa taarifa za uongo zinazochapishwa kwa njia ya kompyuta na simu, na polisi hawatauliza kama wewe ni kambi ya mwenyekiti wa zamani au wa sasa.

Kikao ndicho kila kitu

Sehemu hii inahitaji subira ya msomaji, kwa sababu migogoro mingi ama inaisha hapa ama inazaliwa upya hapa. Kikao cha kutatua mgogoro kikiitishwa vibaya, mtakuwa na migogoro miwili.

Hakikisheni kwanza kwamba anayeitisha ana mamlaka ya kuitisha. Kama kanuni zinampa katibu jukumu hilo kwa maelekezo ya mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye mlalamikiwa, tafuteni kifungu kinachoruhusu idadi fulani ya wajumbe kudai kikao cha dharura, au kinachoruhusu ngazi ya juu kuitisha. Kukosekana kwa kifungu hicho hakuwapi ruhusa ya kujikusanya Jumapili nyuma ya baa ya mtu na kujiita kikao. Andikeni barua kwa ngazi ya juu mkiomba kikao kiitishwe, bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na subirini muda unaotajwa na kanuni.

Taarifa ya kikao itaje tarehe, saa, mahali na ajenda, na imfikie kila mjumbe kwa njia inayoweza kuthibitishwa. Ajenda ya kumwondoa kiongozi iandikwe waziwazi, isifichwe chini ya kichwa cha mengineyo, kwani mjumbe aliyekosa kikao kwa kudhani kinazungumzia mashindano ya mpira ya vijana ana haki ya kulalamika kwamba alinyimwa nafasi ya kupiga kura. Kikao cha ndani hakiombewi polisi, lakini kikigeuka mkutano wa hadhara wenye vipaza sauti, sheria inataka polisi wa eneo wapewe taarifa saa 48 kabla.

Halafu kuna akidi. Ugomvi wa akidi unaweza kukipata chama kikubwa katika siku yake ya furaha: baada ya Tundu Lissu kumshinda Freeman Mbowe katika uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA uliofanyika Mlimani City Januari 2025, kwa kura 513 dhidi ya 482, mwanachama mmoja alilalamika kwa Msajili kwamba kikao cha Baraza Kuu cha 22 Januari, kilichothibitisha viongozi wa sekretarieti na wajumbe wa Kamati Kuu, hakikutimiza akidi. Mei mwaka huo Msajili alikubaliana na mlalamikaji na kuwahesabu viongozi hao kuwa hawakupatikana kihalali, uamuzi ambao chama kiliupinga vikali. Yeyote unayemwona ana haki katika suala hilo, jambo la kujifunza kwa katibu wa kata ni kwamba hesabu ya watu waliokuwamo ukumbini inaweza kudaiwa miezi mingi baadaye na mtu ambaye hata hakugombea.

Dar es Salaam ina ugumu wake katika hesabu hiyo. Kikao kilichotangazwa saa nne kitaanza saa saba kwa sababu mjumbe wa Gongo la Mboto amekwama kwenye foleni na wa Kigamboni anasubiri kivuko, na ikifika saa kumi na moja nusu ya wajumbe wameanza kuondoka wakiogopa kugombania gari jioni. Kwa hiyo daftari la mahudhurio lisainiwe mara mbili, mwanzoni mwa kikao na kabla ya kura, kila mjumbe akiandika jina, namba ya kadi, tawi analotoka na saa. Kama kanuni zinataka theluthi mbili ya wajumbe ili kumwondoa kiongozi, someni kama ni theluthi mbili ya wajumbe wote au ya waliohudhuria na kupiga kura, kwa sababu katika kikao cha wajumbe 60 ambacho wamehudhuria 42, hesabu ya kwanza inahitaji kura 40 na ya pili inahitaji kura 28. Nimeona watu wakishangilia ushindi ambao ungetenguka kwa kusoma sentensi moja hadi mwisho.

Nauli ya wajumbe ilipwe na ofisi, kwa kiwango kimoja kinachojulikana, na kila mmoja asaini. Nauli inayotolewa na mgombea au na mfadhili wake kwenye bahasha usiku wa kuamkia kikao ina jina jingine katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hawaoni haya kufika kwenye chaguzi za ndani za vyama.

Muhtasari uandikwe siku ile ile. Utaje majina ya waliohudhuria, waliotoa udhuru na wasiohudhuria, hoja za pande zote kwa ufupi na idadi ya kura za ndiyo, za hapana na zilizoharibika. Muhtasari unaosema tu kwamba wajumbe kwa kauli moja waliazimia, ilhali kila mtu anajua viti vilirushwa, hautamsaidia mtu.

Kumsikiliza mtuhumiwa

Mgogoro wa uongozi hugeuka haraka kuwa mashauri ya nidhamu, kwa kuwa njia rahisi ya kumwondoa mpinzani ni kumtuhumu kwa usaliti au kwa kutumiwa na chama kingine. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika. Kamati ya maadili ya wilaya ni chombo, hata kama inakutana kwenye chumba chenye feni moja.

Mpeni mtuhumiwa barua inayotaja kosa, kifungu, tarehe na mahali lilipotendeka. Kumwandikia kwamba amekuwa akikivuruga chama kwa muda mrefu ni kumwambia ajibu hewa. Mpeni siku za kutosha za kujibu kwa maandishi, mwiteni ajitetee, aruhusiwe kuleta mashahidi, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake na muda wa kukata rufaa. Kusimamishwa wakati wa uchunguzi kuwe na ukomo uliotajwa, kwa sababu kusimamisha kusikoisha ni kufukuza bila kesi.

Wajumbe wa kikao cha rufaa ndio wanaosahaulika zaidi. CHADEMA iliwavua uanachama Halima Mdee na wenzake 18 Novemba 2020 kwa uamuzi wa Kamati Kuu, kutokana na suala la ubunge wa viti maalumu, na Baraza Kuu likatupa rufaa zao Mei 2022. Desemba 2023 Mahakama Kuu ilitengua uamuzi huo wa Baraza Kuu, kwa kuwa wajumbe wa Kamati Kuu walioamua mara ya kwanza walishiriki tena katika rufaa. Chama chenye mawakili mahiri kilikwama hapo, sembuse kata. Andaeni orodha mbili, ya walioamua mwanzo na ya watakaosikiliza rufaa, na jina likionekana kwenye orodha zote mbili, mhusika akae nje na kutoka kwake kuandikwe kwenye muhtasari. Ikiwa kuwatoa wote kutavunja akidi, ombeni ngazi inayofuata ilisikilize shauri.

Wakubwa walio nyuma ya vijana

Ugomvi wa vijana wawili wa Temeke ambao hawana mshahara wala gari, lakini kila mmoja ana fulana mpya mia moja na pikipiki ishirini za msafara, una mwenyewe mahali fulani. Mara nyingi ni diwani, mbunge au mtia nia anayejenga mtandao wake kuelekea uchaguzi mkuu, na jumuiya ya vijana ni njia nafuu ya kupata wajumbe wa kura za maoni na watu wa kushangilia. Sioni ubaya mtu mzima akiwalea vijana kisiasa. Ubaya unaanza anapowachagulia mwenyekiti.

Anayesuluhisha na aulize waziwazi, katika mazungumzo ya faragha na kila upande, nani analipia ukumbi na fulana. Ikibainika kwamba chanzo ni uhasama wa wakubwa wawili, kikao cha vijana pekee hakitamaliza kitu, na uongozi wa chama wa mkoa uombwe kuwakalisha wakubwa hao kwanza. Wazee wa chama wanafaa sana kwa kazi hiyo, mradi wasiwe na mtoto, mpwa au mpangaji wao katika kinyang'anyiro. Usuluhishi ukifanikiwa uandikwe na kusainiwa, na usikiuke kanuni: wazee hawawezi kukubaliana kwamba wenyeviti wapokezane miaka miwili na nusu kila mmoja ikiwa kanuni zinasema muhula ni miaka mitano na nafasi hujazwa kwa kura. Vikundi vya ulinzi vinavyoletwa kulinda ofisi visiruhusiwe kabisa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalivikataza vyama kuunda vikundi vya aina hiyo, na kijana anayevunjika mkono getini hatakumbukwa na aliyemtuma.

Kutoka nje ya chama

Msajili hupokea malalamiko, lakini atauliza umepita wapi kabla ya kumfikia. Mahakama nayo ni ndefu. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa CHADEMA, alifungua shauri Januari 2014 kuizuia CHADEMA kujadili uanachama wake na akapata zuio la muda, lakini shauri lilitupwa Machi 2015 na chama kikatangaza mara moja kwamba amekoma kuwa mwanachama. Miezi 14 ni sehemu kubwa ya muhula wa kiongozi wa vijana, ambaye huenda akavuka umri kabla ya hukumu. Kabla ya kufungua shauri, someni kama katiba ya chama ina adhabu kwa anayekwenda mahakamani bila kumaliza ngazi za ndani, na mwulizeni wakili nani hasa ashitakiwe, kwa sababu chama hushitakiwa kwa jina la bodi yake ya wadhamini iliyosajiliwa, na shauri lililofunguliwa dhidi ya mwenyekiti wa wilaya binafsi linaweza kufa siku ya kwanza kwa pingamizi la awali.

Makabidhiano

Uamuzi ukishatoka na muda wa rufaa ukaisha, makabidhiano yafanyike ndani ya siku chache, mbele ya katibu wa chama wa ngazi husika. Hati iorodheshe muhuri, funguo, daftari la wanachama, vitabu vya risiti vilivyotumika na visivyotumika, mihtasari, bendera, samani, madeni ya pango la ofisi, na nywila za kurasa za mitandao. Majina ya viongozi wapya yapelekwe kwa maandishi ngazi ya juu ili rejesta ya chama irekebishwe, maana kiongozi asiyemo kwenye rejesta atapingwa kwenye kikao cha kwanza atakachokwenda kuhudhuria. Laini ya simu iliyokuwa ikipokea michango, ambayo karibu kila mara imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu binafsi, iachwe kutumika na mpya ifunguliwe kwa utaratibu uliokubaliwa na kikao. Salio lililomo lisomwe kwa sauti mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, taarifa ya miamala ya miezi ya mgogoro ichapishwe, na kiasi kiandikwe kwenye hati kabla mtu hajasaini.